Miaka 25 ya dhamana na chumvi ya Lamu

Mama mmoja wa Langoni alituletea kikaratasi alichopewa dukani pamoja na paneli zake za sola. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: miaka 25. Inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ilikuwa imekufa mwaka wa 3, na muuzaji akamwambia dhamana ya inveta ilikuwa ya miaka 2. "Sasa mwanangu, hii 25 ni ya nini?" Natamani kila anayetaka kuweka sola hapa kisiwani aulize swali hilo kabla pesa hazijamtoka.

Mfumo wa sola hauna dhamana moja. Kila kifaa kina yake, na paneli peke yake ina mbili. Ya kwanza ni ya bidhaa, yaani kioo, fremu na viunganishi, nayo mara nyingi ni ya miaka 10 au 12, ingawa viwanda vingine siku hizi hutoa zaidi. Ya pili ni ya nguvu: kiwanda kinaahidi kwamba baada ya miaka 25 paneli itakuwa bado inatoa asilimia 80 au zaidi kidogo ya umeme wake wa mwanzo. Hii ya pili ndiyo husifiwa sana madukani, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mnunuzi kidogo zaidi. Nguvu ya paneli hupimwa maabara, seli zake, yaani vipande vinavyozalisha umeme, zikiwa na joto la digrii 25. Juu ya paa la Lamu adhuhuri, seli hufika digrii 60, na joto hilo peke yake hupunguza nguvu kwa asilimia 12 hivi. Kipimo cha fundi wako nyumbani basi hakitoshi kukithibitishia kiwanda kwamba paneli imechoka.

Ukipewa hati ya dhamana, anza na ukurasa wa yale ambayo kiwanda hakitayalipa. Kwetu neno la kutafuta ni chumvi. Kuna hati zinazokataa kutu moja kwa moja, na kuna zinazotaja umbali kutoka baharini, mita 50 au hata 500. Mwenye nyumba Shela, ambaye pepo za Kusi humrushia mvuke wa bahari hadi barazani, huenda akawa nje ya dhamana siku ile ile anayofungiwa paneli. Muulize muuzaji kama paneli zimefaulu jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701, na akuonyeshe cheti chenye jina la modeli hiyo hiyo. Hata hivyo cheti si dhamana; hati nayo isiwe imekataa kutu. Inveta yenye feni iwekwe ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, kwa sababu feni huivuta hewa ile ya chumvi hadi kwenye saketi.

Safari nayo ina yake. Paneli ya wati 550 ina urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito unaokaribia kilo 30. Inashushwa Mokowe, inapanda mashua, kisha inapita vichochoro vyetu kwa mkokoteni au punda. Seli huweza kupasuka ndani bila kioo kuonyesha ufa, na kiwanda hakilipi madhara ya usafirishaji. Mkubaliane kwa maandishi kwamba mzigo ni wa muuzaji mpaka ufike mlangoni kwako.

Kwa betri ya lithiamu utaona mambo mawili, miaka 10 na mizunguko 6,000 (mzunguko ni kuijaza na kuitumia mara moja), na dhamana huisha kwa kile kitakachotangulia. Ukiitumia mzunguko mmoja kwa siku, 6,000 ni zaidi ya miaka 16, kwa hiyo kinachokuhusu ni ile miaka 10. Angalia pia kiwango cha joto kilichoruhusiwa. Chumba kidogo chini ya mabati kinaweza kukizidi.

Kiwanda nacho chaweza kufa kabla ya dhamana yake. SolarWorld ya Ujerumani, kampuni yenye jina kubwa, ilifilisika mwaka 2017. Ndiyo maana mimi humpa uzito zaidi wakala aliye Kenya, mwenye vipuri, kuliko idadi ya miaka kwenye karatasi. Anayefunga mfumo awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya: kanuni zinadai hivyo, na viwanda vingi hukataa madai ikiwa kazi ilifanywa na fundi asiye na sifa. Siku ya kufunga, piga picha za namba za kila kifaa kabla hakijapandishwa juu, kisha ukisajili ikiwa hati inataka hivyo.

Mwisho muulize muuzaji: inveta ikifa, nani atalipa mashua na basi hadi Mombasa, nani atamlipa fundi wa kuifungua na kuirudisha, na friji ya samaki itatumia nini wakati huo wote? Majibu ayaandike kwenye risiti, atie sahihi na muhuri, ndipo umtumie pesa.