Baridi yabisi haitokani na baridi, na wala sio ugonjwa mmoja

Juzijuzi nilipokea mgonjwa wa tatu ndani ya wiki moja aliyekuja na soksi. Dar es Salaam, mwezi wa pili, joto ambalo hata mbwa wamehamia kwenye mtaro, yeye ana soksi nzito na kitenge kajifunika mabegani. "Shikamoo dokta." Marahaba dada, ila mi sio dokta, mi ni fizio, mtu wa tiba ya mazoezi ya viungo, haya kaa. "Nina baridi yabisi." Nani kakupima? Akaniangalia kama nimeuliza nani kampima kuwa ni mwanamke.

Miezi minane. Vidole vimevimba mikono yote miwili, asubuhi hawezi kufunga kifungo wala kukamua nguo, mpaka kwenye saa nne hivi ndo mikono inaanza kufunguka. Na miezi yote hiyo tiba ilikuwa kutogusa maji ya baridi, basi, pamoja na sindano ya duka la dawa akizidiwa, sindano ya nini hajui ila "inatoa kabisa siku mbili tatu". Naandika hapa ili siku nyingine nitume linki tu nisiongee.

Jina ndo limetuponza. Baridi tunaijua. Yabisi ni Kiarabu, kavu, neno lilelile tulilokariri shule ya msingi yabisi kimiminika gesi. Sasa baridi na kavu hazikuwa jina la ugonjwa, zilikuwa maelezo ya chanzo. Ile tiba ya Wagiriki wa kale ambayo kina Ibn Sina, matabibu wa zamani wa ulimwengu wa Kiislamu, waliichukua wakaiendeleza, ilisema mwili una majimaji manne na kila moja lina tabia zake mbili, lina joto au baridi, lina unyevu au ukavu, kwa hiyo mtu akielemewa na upande wa baridi na ukavu mwili unakakamaa. Kwa elimu ya wakati ule ni akili kabisa sicheki. Ila nadharia ilishazikwa, jina limebaki mtaani linatembea, na sisi tunalisoma kama vile ni cheti cha daktari: baridi, basi kaa mbali na friji.

Na msidhani Wazungu wametuzidi. Rumatizimu ya kwao inatoka kwenye neno la Kigiriki la kutiririka, waliamini ute mbaya unashuka toka kichwani unaenda kutuama kwenye viungo. Gauti ni Kilatini, tone, yaani ute unadondokea kidole cha mguu tone kwa tone. Tofauti ni kwamba sijawahi kusikia Mwingereza anayelala na kofia ili ute usishuke. Jina lao limebaki jina, la kwetu limegeuka masharti.

Waliotumia akili ni Wamakonde. Mwaka 1952 homa ilizuka kule kwao kusini mwa Tanganyika, watu wanajikunja kwa maumivu ya viungo, wakaiita chikungunya, kile kinachomkunja mtu. Hawakusema imeletwa na umande, walisema inachofanya. Virusi na mbu vikaja kujulikana baadaye na jina halikuhitaji marekebisho, leo madaktari wa India na Brazil wanatamka Kimakonde bila kujua.

Haya, sasa kuhusu baridi yenyewe, maana hapa ndo nagombana na watu mpaka kwenye daladala.

Baridi haileti ugonjwa wa viungo. Kupiga pasi kisha kunawa hakuleti, kulala kwenye sakafu hakuleti, kufua usiku hakuleti. Rumatoidi, ambayo ndo nilikuwa naishuku kwa huyu dada, ni kinga ya mwili inashambulia ngozi laini ya ndani ya kiungo, ile inayotengeneza ute, inavimba inakuwa nene inakula gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe. Hiyo inaanzia ndani, wala haiulizi ulioga saa ngapi.

LAKINI. Baridi inaweza kuamsha maumivu ya ugonjwa ambao tayari upo, na kuamsha sio kuzaa. Watu wengi wenye viungo vibovu wanakwambia mwezi wa sita na wa saba ni mateso, hasa wa Njombe na Lushoto, tafiti za hali ya hewa na viungo zimefanyika nyingi na majibu yake yanapishana, nyingine zinaona uhusiano mdogo nyingine hazioni kitu. Mi nawaamini wagonjwa wangu. Na ukitaka kunicheka nicheke, maana nakwambia baridi sio chanzo kisha dakika tano baadae nakuwekea taulo la moto kwenye goti. Joto linalegeza misuli iliyokaza na kupunguza ugumu, linakupa nafasi ya kufanya mazoezi. Linatuliza. Kama feni inavyokutuliza na malaria haijaondoka.

Kingine ambacho vitabu vyetu vinapita haraka: wazee hawakuona vibaya, walihitimisha vibaya. Chukua sharti la mzazi kutogusa maji ya baridi siku arobaini, la sivyo atapata baridi yabisi. Nilikuwa nalicheka chuoni. Sasa rumatoidi mara nyingi inapoa mama akiwa mjamzito, inarudi kwa kishindo miezi michache baada ya kujifungua, na wengine ndo inaanza kipindi hichohicho. Bibi yangu alikuwa anaona kweli wazazi mikono inavimba. Akatafuta walichofanya, akakuta walifua nepi. Na angekosaje kukuta, kila mzazi anafua! Hata sikoseli, yaani selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, baridi kali kweli inaamsha maumivu makali ya mifupa kwa mwenye ugonjwa huo, na watoto wengi wenye sikoseli wameitwa wa baridi yabisi miaka na miaka bila kupimwa damu. Huyo mvalishe sweta ndio, ila mpeleke apimwe.

Kwa hiyo ndani ya kapu moja la baridi yabisi tumetupia hawa wote, na nitaenda mbio hapa. Goti la mzee linalouma akitembea na kutulia akikaa, asubuhi linakaza dakika chache tu, hilo ni gegedu limelika, dawa yake kubwa ni kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku wa manane hata shuka hulitaki, gauti, chumvichumvi za asidi ya yuriki. Mtoto aliyeumwa koo wiki mbili tatu nyuma, sasa leo goti kesho kifundo, hiyo inaweza kuwa homa ya rumatiki na inaharibu vali za moyo, hapo viungo vitapona vyenyewe moyo ndo unaweza usipone. Kiungo kimoja kimevimba ghafla kina moto na mtu ana homa, huenda ni usaha huo, hospitali leoleo sio kesho. Vidole vya mikono yote, ugumu wa asubuhi zaidi ya saa zima, wiki zinapita: rumatoidi mpaka ithibitike vingine. Matibabu yao hayafanani hata kidogo. (Na "mshipa" msiniulize, neno linalobeba vena, neva, kano na ngiri kwa pamoja nitaliandikia siku yake, nikiwa nimekula.)

Nikiri kitu. Hata sisi tunakosea. Kipimo cha damu cha rumatoidi kinaweza kusoma hasi na mtu anao, kikasoma chanya kwa mtu mzima wa afya. Picha ya eksirei ya goti nayo inadanganya, nina wazee picha inatisha na wanapanda ngazi wakipiga stori, na wengine picha safi wanalia. Mara nyingi mikono yangu na maswali ya asubuhi vinaniambia zaidi ya karatasi.

Huyo dada nilimpeleka kwa daktari wa viungo, ikawa rumatoidi kweli, kaanzishiwa methotrekseti, dawa ya kuituliza hiyo kinga, ambayo ni mara moja kwa WIKI jamani sio kila siku, kuna watu wanaua maini na uboho wa mifupa hapo. Na zile sindano tukamwambia basi.

Tukiwa tunafanya mazoezi ya vidole nikamuuliza kazi yake. Alikuwa anauza barafu za ukwaju na ubuyu, wateja wake wanafunzi wa shule mbili. Mama mkwe na majirani walishamwambia friji ndo limemmaliza mikono, aache. Akaniuliza sasa kama anaweza kurudia biashara, nikamwambia anaweza, hata kesho, avae glovu akiona baridi inamuuma.

Akanyamaza. Friji alishauza mwezi wa kumi na moja, kwa laki mbili na nusu, akalipia sindano.