Je, wajua kwa nini presha hupanda kazini, na kwa nini kwa wengine haishuki hata wakifika nyumbani?

Mama mmoja anaingia zahanati akihema. Amepanda daladala mbili, amebishana na konda kuhusu chenji, na tangu asubuhi simu yake haikomi kuita, maana leo ni siku ya marejesho ya ule mkopo ambao mtaani tunauita kausha damu. Nesi anamfunga mkanda wa mashine mkononi, namba zinakuja: 162 kwa 98.

"Mama, hebu kaa kwanza pale kwenye benchi. Usiongee, simu weka kwenye mkoba. Tutapima tena."

Baada ya dakika kumi mashine inasoma 144 kwa 90. Hajameza kidonge, hajachomwa sindano. Kwenye namba ya juu peke yake zimepungua 18. Zilitoka wapi, na zimekwenda wapi?

Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Ukitaka maji yatoke kwa nguvu kwenye mpira wa kumwagilia bustani, ama unafungulia bomba zaidi, ama unaubana mdomo wa mpira kwa kidole. Hofu hufanya yote mawili kwa mkupuo. Ubongo ukihisi hatari, neva huupa moyo amri ya kwenda mbio, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unadunda kwa kasi na kwa nguvu, mishipa mingi midogo inajibana, presha inaruka. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon aliyaeleza haya mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyati porini, maandalizi hayo ndiyo yanayokuokoa.

Lakini marejesho hayakimbiliki, na bosi hapigwi ngumi. Mtu anabaki ameketi, mwili wake ukiwa umejiandaa kwa mbio ambazo hazipo. Hatari ikikaa kwa muda mrefu huingia homoni nyingine, kotisoli, ambayo haina papara kama adrenalini lakini haiondoki haraka. Figo nazo hupokea amri ya kushikilia chumvi na maji, damu inaongezeka ujazo kwenye mishipa ileile, na presha inapata sababu nyingine ya kubaki juu.

Kupanda kwa namna ile ya mama wa zahanati si ugonjwa bado. Hata mwenye afya kamili presha yake hupanda akikimbia, akikasirika, akibanwa na mkojo, au akipiga soga huku anapimwa. Ndiyo maana daktari hamwiti mtu mgonjwa kwa kipimo kimoja. Hutafuta namba zilizofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti. Wapo ambao presha yao hupanda mbele ya daktari tu, na madaktari wenyewe huiita presha ya koti jeupe. Mimi wananitia wasiwasi zaidi wale wa upande wa pili: mtu anapimwa siku ya mapumziko, ametulia, namba ni nzuri, anapongezwa, kisha anarudi kazini ambako presha iko juu kutwa nzima na hakuna aliyeiona.

Sasa swali zito: presha ikipanda na kushuka kila siku kwa miaka, je, mwisho hugeuka ugonjwa wa kudumu?

Watafiti wa Italia waliwafuatilia watawa 144 wa shirika linaloishi ndani ya kuta za monasteri, pamoja na wanawake 138 wa uraiani kutoka maeneo hayohayo ya mkoa wa Umbria. Mwanzoni presha zao zilikaribiana. Baada ya miaka 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988, presha ya wanawake wa uraiani ilikuwa imepanda kadiri umri ulivyokwenda, kama tulivyozoea kuona kwa wazazi wetu. Ya watawa ilikuwa karibu palepale. Mtu atasema labda watawa walikula chumvi kidogo. Mkojo ulipimwa, na chumvi haikutofautiana. Walichokuwa nacho watawa ni ukimya, sala, ratiba isiyobadilika, na maisha yasiyo na kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Ni kweli pia kwamba hawakuzaa na hawakulea, kwa hiyo huwezi kubebesha utulivu wa moyo sifa yote. Hata hivyo, miaka 20 bila presha kupanda si jambo la kupuuza.

Karibu na kwetu, katika miaka ya 1980, mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Presha ya wahamiaji ilianza kuwa juu mapema mno baada ya kufika mjini. Mapigo ya moyo yalikwenda kasi zaidi, dalili kwamba neva zile za hatari zilikuwa macho. Uzito uliongezeka. Na mkojo ulionyesha chumvi imezidi huku potasiamu ikipungua, yale madini tunayoyapata kwenye ndizi, maharage, viazi na mboga za majani.

Ninaupenda utafiti huu kwa sababu unafanana na maisha tunayoyajua. Msongo hauji peke yake. Anayetoka kazini saa nne usiku hapiki mchicha, ananunua chipsi na kuongezea chumvi. Anayekosa usingizi kwa mawazo anatafuta bia imlaze. Anayesongwa na kazi hana muda wa kutembea. Mawazo yanapandisha presha kwa mkono wao wenyewe, kisha yanaipandisha tena kwa kupitia sahani, chupa na sigara.

Na si kila kazi ngumu inaumiza sawa. Mwaka 1979 mtafiti wa mambo ya kazi Robert Karasek alitoa hoja kwamba kazi inayochosha roho ni ile inayodai mengi huku ikikunyima uamuzi. Mfikirie dereva wa daladala. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Foleni hakuipanga yeye, bei ya mafuta hakuipanga yeye, nauli hakuipanga yeye, ila upungufu utatoka mfukoni mwake. Mwenye kampuni anaweza kuwa na kazi nyingi kuliko huyo dereva, lakini akichoka anasema kikao kiahirishwe.

Tofauti hii ilichunguzwa London kwa watumishi wa serikali, katika tafiti zilizopewa jina la Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali, ambazo daktari Michael Marmot alizifanyia kazi kwa miaka mingi. Wanaume wa ngazi za chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara 3 ya wale wa ngazi za juu. Kilichonishangaza ni presha zao: wakiwa kazini hazikutofautiana sana, bosi na karani. Tofauti ilikuja baada ya kufika nyumbani. Ya bosi ilishuka vizuri zaidi. Ya karani ilichelewa kuachia.

Hapo ndipo penye madhara. Usiku, mtu akilala vizuri, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na moyo pamoja na mishipa hupata nafuu. Anayelala na hesabu kichwani, au anayefanya zamu za usiku miezi nenda rudi, anaikosa nafuu hiyo. Kuta za mishipa zinakuwa nene na ngumu. Vile vipima presha vya asili vilivyo kwenye mishipa ya shingo vinazoea namba ya juu na kuanza kuihesabu kuwa ya kawaida. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40.

Pamoja na yote hayo, sikubaliani na kauli tuliyoizoea kwamba presha ni ugonjwa wa mawazo. Imeumiza watu wengi. Mmoja anasema mimi sina mawazo, basi sina presha, na hapimi kamwe. Mwingine binti yake amepata kazi, deni limeisha, moyo umetulia, anaona ugonjwa nao umekwisha na anaacha dawa. Miezi michache baadaye analetwa hospitali mdomo umepinda. Na sisi wana familia tunafichana habari, "msimwambie mama, presha itapanda," huku hakuna aliyeuliza kama mama amemeza dawa zake. Urithi, umri, uzito, chumvi na figo vina sehemu kubwa katika ugonjwa huu, na hauumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kama wanayo. Moyo ukitulia, mshukuru Mungu na uendelee na dozi mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kupunguza msongo kunasaidia, kwa kiasi chake. Kupumua taratibu, kama pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika chache, hushusha namba kidogo. Kutembea nusu saa kwa siku hushusha zaidi na huleta usingizi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyoko kwenye mkate na supu. Na kama mashine imesoma 180 kwa 120 au zaidi, na kuna maumivu ya kifua, ulimi mzito, uso kupinda au mkono kuishiwa nguvu, hilo si la kukaa kwenye benchi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Yule mama wa 144 kwa 90 ameambiwa apime asubuhi na jioni kwa siku 7, ameketi dakika 5 kabla, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na aandike kila namba kwenye daftari. Mashine hana, atapima kwa jirani, au duka la dawa la karibu. Nesi akaongeza kwamba hata siku ya marejesho asiruke kupima.