Si Kamera Mbovu: Dhana Potofu Kuhusu Betri za AA

Mama yangu mdogo alinunua kamera ya mtumba, Canon PowerShot A590 IS, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Dukani aliwekewa betri mbili za AA, kamera ikawaka, lenzi ikatoka, picha moja ikapigwa mbele ya macho yake. Akalipa. Kanisani, mtoto alipoinamishwa kwenye beseni, flashi ilimulika mara moja tu, lenzi ikakwama nje nusu, kioo kikadai betri zibadilishwe, kikawa giza. Akamtuma kijana duka la jirani alete nyingine. Picha nne, giza tena. Jioni nilipompa shikamoo aliitikia huku anafungua fundo la khanga. "Marahaba, mwanangu. Nimeuziwa kopo."

Kamera ile ilikuwa nzima kabisa. Nilizitoa betri, nikasoma maandishi madogo kwenye ganda: R6. Hapo ndipo penye jibu, na inaniuma kuona kamera nzuri ngapi zinauzwa kwa bei ya kutupa, au zinalala kabatini, kwa sababu hakuna aliyeyasoma maandishi hayo.

"Betri ni betri, mradi imeingia"

AA ni jina la umbo tu: unene milimita 14.5, urefu milimita 50.5. Ndani ya umbo hilo mna vitu tofauti kabisa, na herufi kwenye ganda ndizo zinazokuambia kilichomo. R6 ni zinki na kaboni, zile za bei rahisi za rimoti na saa ya ukutani. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli, ambayo pia huandikwa NiMH. FR6 ni lithiamu isiyochajiwa.

Kamera haifanani na redio. Redio ndogo hunywa umeme kidogo kidogo siku nzima. Kamera hugugumia: mota ya lenzi, kioo, na zaidi ya vyote flashi, ambayo kabla ya kumulika lazima ijaze kapasita yake, yaani kifaa kinachoweka akiba ya umeme kwa muda mfupi, hadi volti 300 hivi, kutoka kwenye betri mbili zenye jumla ya volti 3. Betri ya R6 inao umeme, ila haiwezi kuutoa kwa kasi hiyo. Ikidaiwa mengi kwa mkupuo, volti zake huporomoka, na kamera huamini kwamba betri zimekwisha. Ndiyo maana pale dukani picha moja ilipatikana. Ya kwanza huwa haina shida.

Tena usidanganywe na maneno "Heavy Duty" kwenye ganda. Msomaji huelewa kwamba ni betri ya kazi nzito. Kumbe ni jina la zamani la betri za kloridi ya zinki, ambazo zina nguvu kidogo kuzidi kaboni ya kawaida lakini hazifikii alkalaini hata kidogo.

"Za kuchaji ni volti 1.2, kwa hiyo ni dhaifu"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi kuliko zote, na nimeisikia hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Kwa hesabu ya ganda wana haki: alkalaini 1.5, ya kuchaji 1.2. Lakini ile 1.5 ya alkalaini ni volti za betri mpya iliyopumzika, na kamera haitumii betri iliyopumzika.

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, yaani jinsi inavyojizuia yenyewe kutoa umeme. Alkalaini mpya ina kama omu 0.15 hadi 0.3, NiMH nzuri ina kama 0.03. Kamera ikivuta ampea moja, alkalaini inapoteza volti 0.15 hadi 0.3 papo hapo, na hali inazidi kuwa mbaya kadiri inavyotumika, maana volti zake hushuka mfululizo tangu picha ya kwanza. NiMH inapoteza 0.03 tu, kisha inakaa palepale karibu na 1.2 mpaka inakaribia kuisha. Baada ya picha kadhaa, ile "dhaifu" ndiyo inayosukuma zaidi. Canon wenyewe, kwa kamera hiihii ya mama mdogo, walitaja picha 200 hivi kwa alkalaini na 500 kwa NiMH.

Huhitaji kifaa cha kupimia ili uone. Piga picha ya flashi, kisha hesabu sekunde mpaka kamera iwe tayari kwa nyingine. Badilisha betri, hesabu tena.

Jambo moja tu la kuangalia: baadhi ya kamera, kama Nikon Coolpix za mfululizo wa L, zina sehemu kwenye menyu ya kuchagua aina ya betri. Ukiiacha kwenye alkalaini huku umeweka za kuchaji, kipimo cha chaji hakitakuonyesha ukweli.

"Nunua yenye mAh kubwa kuliko zote"

Herufi mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Nilishanunua za 3600 kwenye duka moja mjini, na zikazidiwa na za 2000 nilizokuwa nazo miaka minne. Umbo la AA halitoshi kubeba 3600 za nikeli. Watengenezaji wa kweli huishia kwenye 2700 au 2800 hivi. Ukikuta 3000 na kuendelea, rudisha. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima: NiMH halisi huwa na gramu 26 hadi 31. Ile yangu ilikuwa nyepesi mkononi kama ganda la yai.

Hata za kweli, kubwa si lazima iwe bora. Betri za kuchaji ziitwazo Eneloop, zile za kawaida, zina 2000 hivi na hustahimili kuchajiwa hadi mara 2100 kwa hesabu ya mtengenezaji. Eneloop Pro zina 2500, lakini ni mara 500. Mimi huchukua za kawaida.

Lililo muhimu kuliko mAh ni kama betri inatunza chaji ikiwa imekaa. NiMH za zamani zilivuja chaji zenyewe, hata robo nzima ndani ya mwezi, na joto la pwani likazidisha. Ulizichaji Januari kwa ajili ya Pasaka, ukakuta tupu. Mwaka 2005 Sanyo wa Japani walitoa Eneloop, aina inayobaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka mzima, na siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo. Tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba betri zimeshachajiwa tayari kwa matumizi. Betri inayotunza chaji ndiyo huuzwa hivyo.

"Ukizianika juani zinajichaji"

Wengi tumelelewa na hili. Mawe ya redio yalipangwa juu ya bati tangu asubuhi ili baba asikilize taarifa ya habari jioni, na kweli redio iliimba tena. Lakini jua halikuongeza umeme wowote. Joto huchangamsha kemikali zilizobaki na kupunguza ukinzani kwa muda, na kule kupumzika tu nako huirudishia betri nguvu kidogo. Redio hutosheka na hicho. Kamera haitosheki, na betri iliyokwisha ikipashwa moto huwa karibu zaidi kuvuja.

Kinyume chake ni baridi. Wanaopanda Kilimanjaro hudhani kamera imekufa usiku wa kuelekea kileleni, wakati ni alkalaini iliyozizima. Huko FR6 ndiyo yenyewe: hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na ina uzito wa gramu 15 tu. Ni ghali na haichajiwi, kwa hiyo kwa ubatizo na harusi sioni sababu yake.

Usiichanganye na betri nyingine ya lithiamu yenye umbo hilohilo iitwayo 14500. Hiyo ni ya kuchaji, volti 3.7 kila moja. Ukiweka mbili umeipa kamera zaidi ya volti 7 badala ya 3, na hapo utakuwa umeiunguza kweli.

Kuhusu kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena: hilo lilihusu betri za nikeli na kadimiamu. Kwa NiMH chaji wakati wowote. Kuchanganya mpya na nusu iliyotumika, hapana. Ile dhaifu huisha kwanza, nyenzake ikaendelea kuisukumia umeme kinyume mpaka ivuje. Zitembee mbilimbili, zichajiwe pamoja.

Mama mdogo nilimpa jozi ya HR6 na chaja. Ndani ya chumba cha betri kulikuwa na ukungu mweupe kwenye springi, masalia ya alkalaini iliyowahi kuvuja kwa mwenye kamera wa kwanza. Niliufuta kwa pamba yenye tone la maji ya limau, nikakausha, nikasugua shaba kwa ufutio wa penseli mpaka ikang'aa. Pasaka alirudi na picha 312 kwenye kadi, na alama ya betri ilikuwa bado haijatokea.