Swami, Guru na Acharya si ngazi za vyeo

Kuna ujumbe wa miaka mingi unaozunguka kwenye magrupu ukidai kwamba walimu wa Kihindu hupanda vyeo kama padri hadi askofu: Pandit (msomi wa dini), Acharya, Guru, kisha Swami, na kwamba 108 mbele ya jina ndiyo daraja la juu kabisa. Ngazi hiyo haipo.

Swami ni mtawa aliyeweka nadhiri za sannyasa, yaani kuacha maisha ya kidunia, mbele ya mwalimu wake. Siku hiyo hupewa jina jipya, mara nyingi linaloishia na -ananda, na katika mapokeo makubwa huongezewa moja ya majina kumi, kama Giri, Puri au Saraswati. Guru si cheo. Ni uhusiano na mwanafunzi, ndiyo maana hata mwalimu wa muziki huitwa hivyo. Acharya ni mwalimu mbobezi, lakini vyuo vikuu vya Kisanskriti nchini India hutoa pia shahada ya uzamili yenye jina hilo, baada ya Shastri, ambayo ni shahada ya kwanza. Mwenye nayo huenda ana mke na watoto.

Na 108? Ni heshima ya “Sri” (kama “Mheshimiwa”) iliyofupishwa, kana kwamba imeandikwa mara 108. Wengine huandika 1008.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu mtu mmoja hubeba majina haya kwa pamoja. Kuhakiki, uliza: nani alimpa nadhiri, alisomea wapi? Ujumbe ule usiusambaze. Ukikutana na mtawa, “Swamiji” inatosha.