Waifai moja, mmoja anafungua mwenzake inagoma: kosa la Linux lililoachwa miaka mingi

Watu wawili meza moja, waifai ileile, mmoja anafungua tovuti fasta, mwenzake kiduara kinazunguka weee mpaka muda unaisha, akirudia mara ya nne inafunguka. Sisi wa kitengo cha mitandao tulilalamikiwa hivi wiki nzima, tukabadilisha mpaka rauta, wapi. Tulipochungulia pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kwenye seva yenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ndo tukaona ombi la simu linafika vizuri kabisa ila seva haijibu kitu, haikubali wala haikatai, kimya.

Chanzo ni mpangilio wa Linux, mfumo endeshi wa hiyo seva, unaoitwa tcp_tw_recycle. Koneksheni ikishafungwa Linux haiisahau hapohapo, inaiweka pembeni sekunde 60 ili pakiti zilizochelewa njiani zisijichanganye na koneksheni mpya. Seva yenye wateja wengi inajikuta na maelfu ya hizo, fundi anaogopa, anawasha huo mpangilio zifutwe chapchap. Hapo kerneli, yaani kiini cha Linux, inaanza kukumbuka alama ya muda (namba ya saa ambayo kifaa kinabandika kwenye pakiti) ya mwisho kutoka kila IP, yaani anwani ya mtandaoni, na ombi likija na alama ya nyuma ya hiyo inaliona la zamani, inalitupa.

Sasa kerneli inadhani IP moja ni kifaa kimoja, wakati hosteli nzima, ofisi nzima, hata wateja kibao wa kampuni ya simu wanatoka nje kwa IP moja kupitia NAT (njia ya vifaa vingi kutumia anwani moja), na kila simu inahesabu muda wake. Yenye namba kubwa ikitangulia, yenye ndogo inafungiwa mlango.

Na hili lilijulikana! Mwongozo wa Linux ulisema kabisa usiiwashe, sababu ya NAT. Waliotaka ibaki walikuwa na hoja: inakuja imezimwa, aliyeiwasha kaitaka mwenyewe, na kuna seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe ndani bila NAT, hizo haiziumizi. Mimi siikubali hoja hiyo hata kidogo, maana anayeumia sio aliyeiwasha. Fundi kakopi mipangilio mahali, seva yake inaonekana nyepesi, na mteja aliyetupwa haonekani hata kwenye logi za tovuti kwa sababu koneksheni haikuwahi kufunguka, sasa nani atamwambia?

Kilichomaliza ubishi ni toleo 4.10 la kerneli, Februari 2017, alama za muda zikaanza kupewa mwanzo wa kubahatisha kwa kila koneksheni, kwa hiyo hata kifaa kimoja bila NAT kinaweza kuonekana kinarudi nyuma. Toleo 4.12, Julai 2017, wakaing'oa kabisa. Kuitengeneza isingewezekana, seva itajuaje nyuma ya IP moja kuna simu ngapi?

Ila seva za zamani bado zipo, CentOS 7 yenye kerneli 3.10 iliishiwa msaada Juni 2024 na watu bado wanaitumia. Andika sysctl net.ipv4.tcp_tw_recycle, ikirudisha 1 weka 0, na uifute kwenye /etc/sysctl.conf la sivyo ukiwasha seva upya inarudi. Usiichanganye na tcp_tw_reuse, hiyo ni ya koneksheni ambazo seva yenyewe inazianzisha. Kisha piga netstat -s uangalie mstari unaohesabu maombi yaliyokataliwa kwa ajili ya alama za muda. Kwetu hiyo namba ilikuwa inapanda kila tukiitazama, tulipoweka 0 ikasimama palepale, na dada wa meza ya dirishani akafungua ukurasa bila kurudia.