"Ni Misuli Tu, Dokta": Maswali na Majibu Kuhusu Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni

Nafanya kazi kituo cha afya huku Temeke. Haipiti muda mrefu bila kuingia kijana miraba minne, fulana imembana, shikamoo yake ya heshima, akaniambia kifua kinambana tangu juzi, "ila nadhani ni misuli tu, dokta". Maswali yafuatayo nimeulizwa kliniki, gym za mtaani na kwenye jogging za Jumapili asubuhi. Naomba yasomwe pia na wake, mama na makocha, maana wenyewe wagumu kusikia.

Dawa za kuongeza nguvu ni zipi hasa?

Zipo nyingi. Ninazokutana nazo mimi ni tatu: sindano na vidonge vya homoni ya kiume, yaani testosteroni na ndugu zake wanaoitwa steroidi, vidonge vya kukojoza wanavyomeza mabondia ili wakate uzito kabla ya kupimwa, na tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya wachezaji wa mpira wa ndondo. Virutubisho vya gym kama kreatini na protini ya unga havijapigwa marufuku, ila kopo ambalo hujui limetengenezwa wapi linaweza kuwa na kitu kingine ndani.

Kifua kinabana baada ya kunyanyua vyuma. Nitajuaje kama ni misuli tu?

Hutajua. Hata mimi sijui kwa kukuangalia usoni, ndiyo maana kuna kipimo cha umeme wa moyo. Steroidi zinapandisha presha, zinaharibu mpangilio wa mafuta kwenye damu na kuifanya damu iwe nzito. Na kama unang'ang'ania kuwa ni msuli, sawa, upo mmoja: moyo. Nao unanenepa na kukakamaa kama hiyo mikono unayoipiga picha, tofauti ni kwamba moyo ukikakamaa unashindwa kusukuma damu.

Kwa hiyo: unatumia sindano, kifua kinabana, si misuli. Njoo leo.

Lakini nina miaka 26, moyo unaanzaje kuuma?

Si misuli. Umri hauwi kinga ukishajichoma dozi inayozidi mara kadhaa ile tunayompa mgonjwa mwenye upungufu halisi wa homoni. Na usipitie kwanza duka la dawa kuchomwa diklofenaki "upoe". Maumivu yatatulia, moyo utaendelea kuumia, na diklofenaki yenyewe haiutakii moyo mema.

Na mguu mmoja ukivimba kwenye kigimbi? Hiyo si mazoezi?

Hapa naomba nieleweke. Kijana mmoja alikaa siku tano na kigimbi kilichovimba, kinauma, kina joto. Rafiki zake walimchua kwa dawa ya kuchua, asubuhi na jioni, kwa mapenzi kabisa. Siku ya tano alianza kuhema akiwa amekaa kitini. Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na kipande kilishapanda kwenye mapafu. Alipona, tunashukuru. Akiwa bado na mpira wa oksijeni puani akaniambia, "Nilidhani ni misuli."

Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake? Usichue, usikande, usifunge bandeji. Panda bajaji uje.

Mke wangu hashiki mimba mwaka wa pili sasa. Inahusiana?

Inahusiana sana, na inanisikitisha kwamba mkeo keshapimwa mara tatu, mama mkwe keshaanza maneno, na wewe hujapimwa hata mara moja. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaona imejaa, unaacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, wakati mwingine zinaisha kabisa. Ukiacha, wengi hurudi baada ya miezi, wengine mwaka na zaidi, wengine hawarudi walivyokuwa. Anza kupimwa wewe.

Tramadoli kabla ya mechi, ili nisisikie maumivu?

Maumivu ndiyo yanayokuambia goti limechanika. Halafu tramadoli huleta degedege, hata kwa mtu asiye na kifafa. Tangu Januari 1, 2024 imepigwa marufuku wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizi. Kocha anayezigawa kwenye mfuko wa rambo kabla ya mpira kuanza si kocha.

Kama ni hatari hivyo, mbona wapo wasomi wanaotaka ziruhusiwe?

Wapo, na hoja yao si ya kijinga. Mwanafalsafa Julian Savulescu na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba marufuku imeshindwa, kwa hiyo bora ziruhusiwe chini ya daktari, na anayepimwa awe mwanamichezo na usalama wake badala ya kuwinda kila dawa. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakatangaza mashindano ya wazi ya watumiaji, Enhanced Games, yafanyike Las Vegas mwaka 2026.

Mimi nakwama kwenye hayo maneno "chini ya daktari". Ujerumani Mashariki madaktari walikuwepo. Miaka ya 1970 na 1980 wanamichezo wasichana wadogo walipewa, kwa mpango wa serikali, vidonge vya bluu vya steroidi iitwayo Oral-Turinabol, wengi wakiambiwa ni vitamini. Sauti zikawa nzito, na sauti ikishakuwa nzito hivyo hairudi. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Höppner, mmoja wa waliousimamia mpango ule, naye alikuwa daktari.

Na hapa kwetu daktari huyo ni nani? Uangalizi wa kweli ni kupima damu, presha, ini na picha ya moyo kila baada ya muda. Uangalizi ninaouona ni baunsa mmoja anayejua kuchoma, kichupa kimoja kilichonunuliwa Kariakoo, watu wanne, na sindano sina hakika kama nazo ni nne. Wanarudi kwangu na jipu tako zima. Mwingine anarudi na homa ya ini.

Kuna jambo jingine. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia wakiandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Simbu alishinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mbio zikishakuwa za tofauti ndogo namna hiyo, ukiruhusu dawa hujampa mtu hiari. Asiyetaka kuchoma atakuwa amechagua kushindwa, na kijana wa Mbulu anayekimbia ili ndugu zake wasome hataweza kuchagua hivyo. Hao wanaoruhusu wanazungumza habari za bingwa mmoja. Mimi nawafikiria mia wanaomuiga bila hata kushindana na mtu. Wengi ninaowatibu hawajawahi kuvaa namba kifuani, wanataka tu fulana ikae vizuri Coco Beach.

Nikisema ukweli hospitali, hamtaniitia polisi?

Hapana. Wala hatutamwambia kocha, wala mzazi wako kama wewe ni mtu mzima. Sisi si WADA. Ninachohitaji ni jina la dawa, dozi na mara ya mwisho ulipochoma. Ukiniambia "natumia vitamini tu", nitakutibu kama mtu anayetumia vitamini, na hapo tutapoteza saa ambazo huna. Si misuli, na wewe unajua si vitamini.

Nimeacha wiki tatu zilizopita, sasa sina hamu ya kitu, silali, nalia bila sababu. Nirudie?

Usirudie, na usimeze vile vidonge vya "kurekebisha" wanavyouziana gym. Mwili wako umebaki bila homoni ya nje na ya kwako haijaamka. Unyonge huo unatoka huko, si udhaifu wa mwanaume. Unaweza kuwa mzito kiasi cha mtu kutaka kujidhuru, kwa hiyo usikae peke yako nao. Mwambie mtu mmoja nyumbani, kisha njoo tupime damu. Kichupa kama hujakitupa, kifunge kwenye karatasi uje nacho. Hata kama lebo imeandikwa lugha usiyoijua, njoo nacho hivyohivyo.