Utumbo unavyojitengeneza wenyewe: maswali kutoka Mbeya, Tukuyu na Iringa

Shikamoo daktari. Hapa Mbalizi kuna dada anatembeza unga wa "seli shina", anasema unaufanya utumbo uwe mpya. Mume wangu anaharisha mara kwa mara. Nimnunulie?

Marahaba. Hela hiyo itunze. Unga wowote ukishamezwa unavunjwavunjwa na asidi ya tumbo na vimeng'enya, sawasawa na ugali na maharage. Hakuna seli itakayopita humo ikiwa hai, ikajitafutia mahali pa kukaa na kuanza kazi. Isitoshe, mumeo seli shina za utumbo, yaani seli zinazojigawa na kuzaa seli mpya, anazo tayari, zake mwenyewe, na hazijawahi kupumzika tangu azaliwe. Kuharisha kunakorudirudi kuna sababu: amiba, minyoo, maji, dawa anazotumia, wakati mwingine VVU. Aende akapimwe choo na damu.

Hizo seli shina ziko wapi, na zinafanya nini hasa?

Ukuta wa ndani wa utumbo mdogo umejaa vijitokezo vidogo mno viitwavyo vili, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kati ya vili kuna vijishimo. Seli shina zimekaa chini kabisa ya vijishimo hivyo. Mwaka 2007 kikundi cha mtafiti Hans Clevers wa Uholanzi kilizitambua kwa protini iitwayo Lgr5. Zinajigawa karibu kila siku. Seli mpya zinasukumwa juu, zikipanda zinabadilika na kuwa seli za kufyonza chakula au za kutoa ute, zikifika kileleni zinang'oka na kutoka na choo. Safari yote ni siku 3 hadi 5. Watu wa Tukuyu mtanielewa upesi: mgomba ukishazaa hukatwa, lakini chini chipukizi lilishaanza kuinuka siku nyingi.

Ndiyo maana mtoto aliyepatwa na virusi vya rota anaweza kulegea kabisa Jumatatu, na Jumapili akawa anakimbiza kuku. Virusi hivyo hushambulia zaidi seli za vileleni. Vilele vikiharibika, maji hayafyonzwi vizuri na mtoto anaharisha majimaji. Kule chini seli shina zinaendelea kuzalisha, na ukuta unajengeka upya, *mradi mtoto hajaishiwa maji kabla*. Kazi ya ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa anayeharisha, ni kumvusha siku hizo. Zinki nayo inasaidia ukuta kupona: mg 20 kwa siku, au mg 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huku kwetu wanaacha siku ya tatu kwa kuwa kuharisha kumekoma, na hilo linaniudhi kuliko hata ule unga wa Mbalizi. Malizeni vidonge. Ziwa la mama lisikatishwe. Na nyie wa Makete na Kitulo, juu ya mita 2,000 maji huchemka yakiwa na joto dogo kuliko pwani, kwa hiyo yakianza kutokota yaacheni dakika 3 kabla ya kuepua.

Nimesikia utumbo una mishipa yake ya fahamu. Inahusikaje na ukuta huo?

Upo mtandao mzima ndani ya ukuta wa utumbo, wenye mamilioni ya seli za neva, na unaweza kuusukuma mlo mbele bila kusubiri amri ya ubongo. Pamoja na seli hizo zimo seli saidizi ziitwazo glia. Kwa miaka mingi zilionekana ni za kushikilia tu, zisizo na la kusema. Sasa tunajua zinazitunza neva, zinazungumza na seli za kinga, na baadhi yake ziko jirani kabisa na vile vijishimo vya seli shina.

Ujirani huo una maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba panya wakiondolewa aina fulani ya glia, seli shina zao zinashindwa kukarabati utumbo ipasavyo baada ya kuumia. Glia hizo hutoa protini za kundi la Wnt, ambazo kwa seli shina ni amri ya kuendelea kujigawa. Ila tusiende mbio. Mwaka 1998 panya walioondolewa glia walipata uvimbe mkali wa utumbo. Watafiti wa baadaye waliotumia njia nyingine hawakuuona uvimbe huo. Huenda glia si za aina moja, nami naona ndiko mambo yanakoelekea. Dawa ya kutibu utumbo kupitia glia haipo bado dukani, wala hospitalini.

Mtoto wa mdogo wangu Iringa hakupata choo siku mbili za mwanzo, tumbo likajaa. Wameambiwa neva za utumbo hazikukamilika. Amerogwa?

Hapana, na pole sana. Mimba ikiwa changa, seli zinazozaa neva na glia za utumbo husafiri kutoka juu kwenda chini. Zikiishia njiani, kipande cha mwisho kinabaki bila neva, hakilegei, na choo kinakwama juu yake. Ni ugonjwa wa Hirschsprung. Hutibiwa kwa upasuaji wa kutoa kipande hicho. Wasikae nyumbani wakijaribu mizizi.

Navuna viazi, mgongo unaniuma, natumia diklofenaki karibu kila siku. Tumbo linawaka.

Kaka, hapo umejibu mwenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza kemikali zinazoulinda ukuta wa tumbo na utumbo, na ukuta unaochubuliwa kila siku haupati nafasi ya kupona hata seli shina zikijitahidi vipi. Acha. Maumivu yakizidi tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na mgongo ukaangaliwe. Ukiona choo cheusi kinachonata au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uwaonyeshe hizo dawa ulizokuwa unameza.